Mamangu, vile vikapu msimpe tena yule broka

Asalaam aleikum mamangu, shikamoo. Najua ni Ali anakusomea, kwa hivyo we Ali soma polepole na usiruke mahali, hata pale panapokuhusu usiparuke. Salamu kwa Halati Mwanakombo, Bi Mishi, Rukia na wanawe, na mama zangu wote wa kikundi hapo barazani. Mie mzima, kazi iko, baridi imeisha, tuyaache hayo.

Meseji ya Ali ya pesa za tuktuk nimeipata, nitaijibu huko mbele. Kwanza nna habari na siwezi kuiweka.

Jumamosi ya pili ya Mei kila mwaka huwa ni Siku ya Biashara ya Haki Duniani, ile biashara ya kumlipa fundi haki yake. Lile duka nilokwambia, lenye vinyago vya mawe ya Kisii na vyondo vya Ukambani, waliniita nizungumze. Mimi mamangu! Mbele ya watu kama sitini, nimejifunga leso yako ile nyekundu, mkono mmoja kawa lako la kufunikia chakula na mwengine kile kipepeo cha kujipepea cha Halati. Nikawaambia vile miyaa, yale majani ya kusukia, inavyoanikwa mpaka ipauke, ikachanwa, ikachemshwa na rangi, ikasukwa ukili, ule utepe mrefu, ukili ukapimwa pima kwa pima, ndio kushona kukaanza. Walinyamaza kimya. Bibi mmoja mzee akaja akalishika lile kawa akalizungusha weee, akaniuliza mshono uko wapi mbona hauonekani. Nikamwambia huo ndio mkono wa mamangu. Wallahi nilijiona mrefu kama mnazi.

Halafu kijana mmoja akauliza, kikapu kimoja mama yako anakishona kwa masaa mangapi? Nikakwama. Sikujua. Nimezaliwa juu ya mkeka wa ukili, nimelala juu yake miaka kumi na tisa, na sijui umekula masaa mangapi ya mamangu, manake nyumbani hakuna aliyewahi kuhesabu. Ukishona wewe tunasema Mama amekaa. "Mama yuko wapi?" "Amekaa tu nje anashona." Nimerudi nyumbani usiku ule usingizi hauji, nalisikia hilo neno, amekaa tu.

Mwenye duka naye alitupa kisa. Zamani, 1946, kulikuwa na mama mmoja wa huku huku Pennsylvania, Edna Ruth Byler, alisafiri kwenda Puerto Rico akakuta wanawake wanadarizi vitambaa vizuri ajabu na nyumbani hawana kitu, wanunuzi hawana. Akavinunua, akaja navyo, akawa anawauzia jirani na marafiki vitambaa akivitoa kwenye buti la gari. Ndiyo mwanzo wa Ten Thousand Villages, na makao yao yako Akron, sio mbali na ninapokaa. Watu walipiga makofi lakini mimi machozi yalinitoka, manake nilimuona Halati Mwanakombo na mfuko wa kofia begani anavuka feri ya Likoni kwenda mjini kutembeza, jua la saa saba, anarudi na kofia zile zile.

Sasa sikiliza hili Mama, ndilo lililonifanya niandike. Kuna shirika la dunia nzima la biashara hii, World Fair Trade Organization, lilianza 1989, na lina kanuni kumi. Bei mnakubaliana, hupangiwi. Mwanamke analipwa sawa na mwanamume kwa kazi sawa. Na kwenye vitu vya mikono, fundi akiomba, mnunuzi anatoa angalau nusu ya pesa kabla kazi haijaanza, bila riba. Bila riba mamangu! Nyinyi miyaa mnanunua kwa pesa za kukopa, rangi za kukopa, mnashona mwezi mzima, yule broka anakuja anabeba kwa amana, anasema nitawatumia, mnakaa miezi mitatu, halafu anarudisha vikapu kumi ati vimepindana. Nyinyi ndio mnamkopesha yeye, na yeye ana gari na nyinyi mwatembea kwa miguu. Mimi hili linaniuma mpaka sasa nikiandika vidole vinatetemeka.

Anawapa mia mbili hamsini kwa kikapu. Huku nimeona kikapu cha aina ile ile, mshono wake haufiki wako, dola thelathini na nane, hiyo ni karibu elfu tano ya kwetu. Usidhani zote zingekuja kwako, hapana, nimeuliza na nimeonyeshwa, kuna meli, kuna ushuru, kuna kodi ya duka na mishahara. Lakini hata ukitoa hayo yote, mia mbili hamsini ni dhulma, sina neno jengine.

Na usione ni mambo ya wazungu tu. Bombolulu iko hapo ng'ambo ya Nyali tangu 1969, walemavu wanatengeneza vipuli na mikufu na mifuko, na vinauzwa mpaka huku. Yule jirani yetu wa magongo, unamkumbuka, watu walikuwa wakimpa sadaka mlangoni, alipopata kazi pale miaka miwili tu akawa yeye ndiye analipia wadogo zake skuli. Pesa ikifika mkono wa anayefanya kazi huwa inajua njia. Bi Mishi, kile kisanduku chenu cha kikundi, kidogo vile, kimetoa mitungi ya gesi na karo ya mtoto wa Rukia, je mkilipwa haki yenu?

Basi nimewatafutia odi. Ndio, mimi. Mwenye duka na wenzake watatu wanataka vikapu arubaini vya kujaribu, na nusu wanatuma mbele. Wanataka saizi moja, rangi isichuje ikipata maji, na mikono ya kikapu ishonwe mara mbili. Hawa hawawapi sadaka, kikipinda watakikataa na watakuwa na haki. Kwa hivyo kaeni kikundi kizima, mshone kimoja, mtu mmoja ashike saa kuanzia kuchana miyaa mpaka fundo la mwisho, muandike masaa. Bei tutaitoa hapo. Na miyaa ya Msambweni msinunue kwa mkopo, ngojeni nusu iingie.

Pesa itaingia kwenye laini ya kikundi, na wewe Mama na Bi Mishi ndio wenye namba ya siri. Sio kwa Ami. Hili nalisema waziwazi na likimfikia na limfikie.

Manake kuna neno nimelibeba toka harusi ya Rehema. Mlinipigia video nikafurahi, nikaona biriani, nikaona ukumbi, nikasikia Ami amepewa kipaza sauti anasema mbele ya watu, huyu aliye Marekani ni mimi niliyemsomesha. Watu wakaitikia mashallah. Kamera ikapita kwako Mama, ulikuwa umeinamisha kichwa. Nilizima simu nikasema mtandao mbaya. Haukuwa mtandao.

Mimi nimesomeshwa na kofia. Fom thri niliporudishwa nyumbani kwa karo, wewe ulianza ile kofia nyeupe ya vito, ya kudarizi kwa mkono, miezi minne, usiku kwa koroboi manake stima ilikuwa imekatwa, tobo kwa tobo, na mchana mikeka. Na nani aliyeichukua ile kofia? Ami. Alisema nitakulipa mwisho wa mwezi shemeji. Anaivaa kila Idd mpaka leo, kwenye picha za harusi ya Rehema ndiyo iko kichwani mwake, na hajalipa hata senti. Karo ililipwa na mikeka sita aliyoiuza Halati Mwanakombo Marikiti. Mimi sitaki ugomvi, Ami ni ndugu wa marehemu baba na heshima yake ipo, lakini nataka ailipe kofia, kwa bei ya leo, na kikao kijacho aseme nani alinisomesha. Rukia utaniambia nimekosa adabu. Sawa dadangu, lakini wewe pia ulikuwepo, koroboi lile tulisomea pamoja.

Ali mdogo wangu. Pesa za tuktuk sitatuma. Usinune. Nilikuwa nimeweka laki moja na ishirini, nilikuwa nikufanyie sapraizi Idd, lakini zimeenda kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia rangi, mizani, na banda la kuanikia, mvua zisije zikaozesha miyaa kama mwaka jana. Kazi ninayo ya kukupa. Utapiga picha kila kikapu, utaandika jina la aliyeshona kwenye kadi, utapeleka mzigo, na kikundi kitakulipa kama wanavyolipwa wao, sio zaidi. Ukifanya odi mbili vizuri tutazungumza tena habari ya tuktuk, na itakuwa ya kubebea vikapu.

Mama nimekumisi sana. Jana nilifungua lile begi nililokuja nalo, chini kabisa nikakuta kipande cha ukili, sijui kiliingia vipi, kama shubiri mbili hivi. Nilikinusa. Bado kina harufu ya moshi na ya barazani kwetu, nikakaa kitandani nimekishika mpaka saa za kazi zikafika. Mahamri hapa napika lakini hayatoki kama yako, mbaazi ni za kopo, na adhana naisikia kwenye simu. Inshallah mwakani nitakuja, nikae na wewe nje nishone, vidole vyangu vimesahau lakini vitakumbuka.

Kofia usishone tena, nakuomba. Vikapu unaona kwa vidole, kofia inakula macho. Daktari wa Makadara alisema nini, mbona hamnijibu hilo, mnanijibu habari za tuktuk tu? Za dawa nimetuma kando, zisiingie kwenye kitu chengine.

Ali, umemaliza kusoma? Sasa mtilie Mama matone ya macho, mawili kila jicho, halafu urekodi sauti yake unitumie. Yake, sio yako.

Mwanao,
Mwanaisha