Matangazo ya vitivo vya sheria yatoke nje ya geti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na vitivo vya sheria vya huku kwetu nyanda za juu kusini. Mi nina stesheneri hapa Kihesa, Iringa, na matangazo mengi ya wanafunzi wa sheria yanapita kwenye mashine yangu, kwa hiyo nachosema nimekiona, sijasimuliwa.

Sheria huku haijaanza kufundishwa jana. Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Iringa ambacho watu wengi bado tunakiita Tumaini, tuna Ruaha ya Wakatoliki, na ukienda Mbeya kuna kampasi ya Mzumbe. Vijana wapo wengi na wanafanya mambo ya maana kabisa, sio masihara. Kuna mashindano ya mahakama ya kuigiza, kijana kavaa suti nyeusi (nyingine za kuazima, najua maana wanazijadili wakisubiri kopi) anasimama kutetea kesi ya kutunga mbele ya walimu na mawakili, anaulizwa maswali mpaka jasho linamtoka. Kuna midahalo, kuna wageni wanaalikwa kuja kuongea, na kuna zile siku za msaada wa kisheria wa bure, wanafunzi wanakaa na walimu wao wanasikiliza matatizo ya watu.

Sasa shida ni kwamba hao watu wenye matatizo hawana habari. Tangazo linaletwa kwangu jioni, shughuli ni kesho yake asubuhi, limeandikwa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, karatasi ya A4, na kopi wanazotaka ni nne. Nikiuliza za wapi naambiwa moja notisibodi ya kitivo, moja laibrari, moja kantini, moja hosteli. Zote zinaishia ndani ya geti! Halafu picha inatupwa kwenye magrupu yao ya WhatsApp basi, imeisha hiyo. Ndo maana hata ukifika kwenye hiyo shughuli ya "jamii" unakuta waliojaa kwenye viti ni wanafunzi wenyewe wamekuja kupiga picha.

Kuna mzee mmoja wa kule Kilolo alikuja dukani kwangu kutoa kopi ya hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko huohuo kuna kikaratasi cha daftari, cha mistari, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba shamba limeuzwa, chini kuna sahihi mbili na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Aliyeuza ni mtoto wa mdogo wake, kamuuzia mtu wa kupanda miti. Si mnajua tena huku kwetu mambo ya miti, mtu akisikia eka zipo mahali anakuja mbio. Mzee akaniuliza, mwanangu hebu nisomee hapa mwisho wanasemaje, na mimi na cheti changu cha kompyuta nitamwambia nini? Nilimsomea ilivyoandikwa, ameshindwa, na haki ya kukata rufaa ameelezwa. Ila karatasi ilikuwa na miezi mingi, alikuwa anaitunza tu akisubiri mtoto wake arudi kutoka Dar amsaidie.

Jioni ya siku hiyohiyo akaja kijana wa kitivo kimoja, sitakitaja, na flashi yake, tangazo la msaada wa kisheria wa bure keshokutwa yake. Mzee saa hiyo yupo kwenye gari la kurudi Kilolo, na simu hana.

Nilimsimulia yule kijana, na palepale huku kopi zinatoka akaanza kunielezea kama maji. Kwamba hukumu ya baraza la ardhi la wilaya, kama hiyo ya mzee, unaikatia rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na zikipita sio mwisho wa dunia, unaomba kuongezewa muda ila uwe na sababu inayoeleweka. Kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni hatoshi. Kwamba tangu 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena kesi za ardhi, kazi yao imebaki kusuluhisha. Yaani kijana ana kila kitu kichwani na mtu anayekihitaji hajui kama huyo kijana yupo. Wamepishana kwenye kaunta yangu masaa machache tu.

Kuna watakaosema mwanafunzi sio wakili. Sawa, hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu na hakuna anayemwomba hivyo. Mtu wa Kilolo anataka kwanza aambiwe karatasi yake ina maana gani, ana muda gani na aende mlango upi. Kwa hilo mwanafunzi mwenye mwalimu pembeni anatosha, na tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua mpaka wasaidizi wa kisheria wasio mawakili.

Na hili la Kiingereza kwa kweli linanishinda. 2021 sheria ilibadilishwa, lugha ya mahakama ikawa Kiswahili, na mwaka huohuo kwenye kilele cha Siku ya Sheria pale Dodoma hayati Magufuli alimpandisha Jaji Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika uamuzi kwa Kiswahili, nchi nzima tukashangilia. Leo tangazo la kumwita bibi wa Ifunda aje na mgogoro wake wa mirathi linaandikwa Kiingereza, aje nani? Darasani fundisheni mnavyofundisha, ila tangazo la mtaani liwe la mtaani.

Hata kwa wanafunzi wenyewe hii ni hasara. Wakimaliza digrii wakitaka uwakili lazima wapite ile taasisi ya mafunzo ya vitendo kule Dar, na matokeo ya 2022 tunayakumbuka, watu 26 tu wamefaulu kati ya 633, mpaka ikaundwa kamati chini ya Dokta Mwakyembe, mtu wa huku kwetu Kyela, kuchunguza. Mi sio mtaalamu wa mitihani, lakini kijana aliyekaa na wazee kumi wenye vikaratasi vya daftari nadhani atajibu swali la vitendo tofauti na aliyekariri slaidi.

Na wewe mhariri usijifiche. Mahafali mnatuletea picha nusu ukurasa, mgeni rasmi kasema hivi, kavaa vile, lakini ratiba ya shughuli zinazokuja sijawahi kuiona gazetini. Vitivo wakuletee ratiba ya muhula mzima muhula unapoanza, tarehe na mahali, nawe utoe kijisehemu kila wiki. Matangazo mengine yaende stendi, soko kuu, ofisi za kata, makanisani na misikitini, na redio za hapa mjini, zinasikika vijijini huko ambako gazeti halifiki. Na siku iwe Jumamosi basi, sio Jumatano saa nne asubuhi mtu yupo shambani.

Wiki ya Sheria inakuja mwishoni mwa Januari kama kawaida na kilele mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo muda wa kuanza upo. Kitivo chochote hapa Iringa kitakacholeta tangazo la Kiswahili wiki mbili kabla, kopi 50 za kubandika stendi na sokoni nitatoa bure, karatasi zangu na wino wangu. Ila flashi ije haina virusi, jamani.

Mwenye stesheneri,
Kihesa, Iringa