Kwa mdogo wangu, kuhusu kamera ya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Nimepokea ujumbe wako kwamba binti yako ameanza kupenda kamera za mkanda wa filamu, na kwamba kwa kuwa ile Zenit ya Baba "imekaa tu kabatini", ingefaa nimpe mtu anayesafiri akuletee Manchester, ikikosa kazi iwe pambo la sebuleni. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kila nilipojaribu kukuandikia faraghani barua iligeuka ugomvi kabla sijafika katikati, na kwa sababu najua wako wengi wenye kamera ya namna hii nyumbani kwa wazee wao ambao wanaiona kama unavyoiona wewe. Mama hajambo, anakusalimu, na magoti yake yanamsumbua zaidi masika haya.

Kwanza, kamera haijakaa. Naitumia. Juzi nilikuwa nayo Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, alfajiri, wakati ngalawa zinarudi na akina mama wa samaki wameshajipanga na ndoo zao, na hakuna aliyeniuliza kama ni pambo.

Unajua kwa nini Baba alichagua ile na si nyingine. Ni Zenit-E ya toleo lenye alama ya Olimpiki ya Moscow, na Moscow ya 1980 kwa Baba ilikuwa ni Filbert Bayi kuchukua medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kuchukua ya fedha katika mita 5,000, medali ambazo mpaka leo nchi yetu haijapata nyingine katika Olimpiki. Rafiki yake aliporudi kutoka masomoni Urusi akiwa na kamera yenye alama ile, Baba aliinunua kwa mshahara wa ualimu, na Mama hakumsemesha kwa muda mrefu. Kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kilianza kuzitoa kamera za Zenit-E mwaka 1965 na kikaziuza kwa mamilioni, kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za kito adimu. Ilikuwa kamera ya mtu wa kawaida, nzito karibu kilo moja ukiipima pamoja na lenzi, na uzuri wake wote umo katika uchache wa mambo inayoweza kufanya.

Haina betri. Kipima mwanga chake ni kile kipande cha kioo chenye vinundu kilicho juu ya lenzi. Nyuma yake kuna seleni, ambayo ikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaonyanyua mshale ulio juu ya kamera. Seleni ya Baba imechoka siku hizi na mshale hautembei sawasawa, lakini hilo halijaizuia kamera kupiga hata picha moja, kwa maana mshale ule haukuunganishwa na shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, wala na lenzi. Kazi yake ilikuwa kukushauri. Uamuzi ukabaki kwako. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya yote. Kamera rahisi ya zamani hukuachia wewe mambo matatu, yaani mwanya wa lenzi, kasi ya shata na umbali wa unayempiga, na usipoyaamua hakuna atakayekuamulia.

Wewe ulikuwepo pale mezani Baba alipokuwa akitukaririsha. Jua la saa sita na mkanda wa 100, namba ya wepesi wake wa kushika mwanga: lenzi kwenye 16, kasi 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde. Mkanda wa 400: lenzi hapohapo, kasi 500. Kwenye lenzi namba ndogo ndiyo mwanya mkubwa, kwa hiyo chini ya mwembe fungua hadi 5.6, na jioni ikianza fungua hadi 4. Na lile alilolisisitiza kuliko yote, kwamba mtu wa rangi yetu akisimama kivulini mbele ya ukuta wa chokaa, usiusikilize mshale, ongeza hatua moja au mbili, yaani mwanga mara mbili au mara nne, kwa sababu kipima mwanga kinauona ukuta, hakimwoni mtu. Nimewaona wapiga picha wa harusi wenye kamera za mamilioni wakiwatoa maharusi wamekuwa weusi tii mbele ya mapazia meupe, nami nikamkumbuka mwalimu yule na kijiti chake cha meno.

Lenzi yenyewe, ile Helios, ina pete mbili. Unaufungua mwanya wote ili uone vizuri na kuweka fokasi, kisha kabla ya kubonyeza unazungusha pete ya pili kwa kidole, na ndani ya kioo cha kutazamia giza linaingia polepole mpaka pete ikwame kwenye namba uliyoichagua. Watengenezaji wengine walikwisha kuiondoa hatua hiyo, lenzi ikawa inajifunga yenyewe wakati wa kupiga. Mimi naipenda. Katika muda ule wa kuzungusha, macho yako yameshamtazama mtu vya kutosha kujua kama unataka kweli kumpiga, na mara nyingi nimeishusha kamera bila kubonyeza. Mkanda una picha 36, na huku Tanga siku hizi kuupata kwenyewe ni mpaka mtu aagize. Anayejua kwamba ana 36 tu humtazama mtu kwa namna ambayo anayejua kwamba hazimwishii hana haja nayo.

Utasema, kama ulivyosema siku ile, kwamba simu inapiga picha safi zaidi. Ni kweli, sibishi. Picha mia kadhaa za msiba wa Baba ulizotutumia ninazo, nazithamini, na nyuso za watu zinaonekana barabara. Lakini nimezipitia zote nikitafuta ni wapi uliposimama ukaamua kitu, na sikupaona. Zimepigwa na simu, wewe uliishika tu. Za Baba, hata zile alizokosea, naweza kukuambia alisimama wapi na alikuwa anamngoja nani ageuke. Na negativu zake, yaani mikanda iliyokwisha kusafishwa, zipo, kwenye bahasha, kwa mwandiko wake, na tarehe. Mzee Ranchhod Oza, mpiga picha, alipofungua Capital Art Studio kule Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit alipokuja kuiendeleza, walitunza kazi zao namna hiyo hiyo, ndiyo maana wenyeji na wageni wameweza kwa miaka mingi kuingia mle na kuiona Unguja ya zamani ukutani.

Sasa nije kwenye siku ya arobaini, maana bila hiyo barua hii haina sababu.

Hitma ilikuwa imekwisha, watu wako barazani na kahawa na halua, na wewe ukaitoa kamera kabatini kuwaonyesha binamu zetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mikononi. Nilisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba kuna mkanda ndani. Ulikwisha kulivuta lile komeo la ubavuni, na mlango wa nyuma ukafunguka juani. Ulipouona mkanda hukuufunga hata baada ya hapo. Uliuvuta kwa vidole kuutazama, kana kwamba picha zingeonekana. Kisha ukaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa jikoni: "Ni mkanda tu, dada. Picha zote tunazo kwenye simu."

Sijui kama umewahi kujiuliza mwanga ule ulikula nini. Katika kamera kama ile, picha ikishapigwa hutoka kwenye kopo lake na kujiviringa upande wa pili, kwenye kijiti cha kupokelea. Kwa hiyo anayefungua mlango huziunguza zilizokwisha kupigwa, na zile ambazo bado hazijapigwa hubaki salama ndani ya kopo. Tena kati ya zilizopigwa, za mwanzo huwa zimejificha ndani ya mviringo, zikikingwa na zilizofuata, na za mwisho ndizo zilizo juu. Baba aliutia mkanda ule ulipokuja likizo ya Desemba. Picha za mwanzo ni za siku zako. Za mwisho ni za miezi aliyokuwa kitandani, wewe ukiwa umerudi Ulaya, mimi nikiwa nimeomba likizo isiyo na malipo. Alinipiga nikimkamulia machungwa. Niliisikia shata, nikamwambia asipoteze mkanda, akaniambia nisimfundishe kazi. Alimpiga Mama akiswali upande wa dirisha. Hizo ndizo zilizokuwa juu.

Nilisubiri watu waondoke, nikaurudisha mkanda kwenye kopo gizani, na baadaye nikausafisha mwenyewe kama alivyotufundisha, usiku, bafuni, bila hata taa nyekundu, kwa sababu taa nyekundu ni ya karatasi na filamu huiogopa kama mwanga mwingine wowote. Nilinunua barafu za mifuko kwa jirani nikazipanga kwenye beseni kuuzunguka mtungi wa dawa, maana dawa inataka nyuzi 20, na maji yetu ya bomba hayashuki hadi hapo hata Julai. Mkanda ulitoka mweusi tii karibu wote. Mwanzoni tu mlibaki picha chache, zimeungua pembeni lakini katikati zinasomeka. Wewe umelala kwenye mkeka, mkono usoni. Wewe na Mama mnacheka getini. Wewe unamshika Baba bega, picha ambayo nadhani aliipiga kwa kile kihesabu muda chake kinacholia kama mdudu.

Sikukutumia. Umekuja kusikia habari zake leo, pamoja na wasomaji. Ungenitaka nifanye nini? Mwanga ulikula miezi yangu ukaiacha likizo yako, na mwenye kuufungulia mwanga alikuwa wewe. Nilizihifadhi vizuri, kwenye bahasha yake, na tarehe, kama zilivyohifadhiwa nyingine zote, na hakuna mtu aliyezitunza picha za nyumba hii isipokuwa Baba na mimi. Naamini ningezituma wiki ile ungeziweka mtandaoni kabla ya magharibi, watu wakakupa pole, na mimi ningekuwa nimekutumikia tena.

Turudi kwa mtoto, kwa sababu yeye hana kosa, na mimi ni shangazi yake.

Usimnunulie kamera ya bei kubwa. Mtafutie Pentax K1000, ambazo zilitengenezwa toka 1976 hadi 1997 na huko Ulaya bado zimejaa madukani. Betri yake ni ya kipima mwanga peke yake, ikifa shata inaendelea kupiga kwa kasi zote. Pentax hao hao mwaka 2024 walitoa kamera mpya ya mkanda yenye mkono wa kusogezea picha kwa kidole, jambo lililonifurahisha sana, lakini hiyo haipigi bila betri, na ningependa aanze na ile isiyomsaidia. Kabla hujalipa, washa tochi upitishe mwanga ndani ya lenzi. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Mwambie asiiweke kamera na shata ikiwa imekazwa, kwa sababu springi huchoka. Mikanda mtakosa wapi, wakati ya Ilford inatengenezwa Mobberley, mwendo mfupi tu kutoka hapo mlipo? Achukue HP5, mkanda wao wa nyeusi na nyeupe, una uvumilivu mkubwa kwa anayejifunza. Na umfundishe hili kabla ya yote: kabla ya kufungua kamera yoyote unaizungusha taratibu ile nobu ya kurudishia mkanda, na ikikataa, ikiwa nzito kidoleni, ndani kuna mkanda. Baba alituonyesha sote wawili, siku moja, meza moja. Mimi niliikumbuka.

Zenit haitasafiri. Mlete mtoto huku likizo ya Julai. Nitampa aitumie muda wote atakaokuwepo, nitamfundisha kusafisha mkanda, na zile negativu za Desemba atazichapa yeye kwa mkono wake; akitaka kukuonyesha ni juu yake, sitamzuia. Chumba chako kipo, Mama hufagia kila Ijumaa ingawa namkataza.

Mikanda utakayoleta usiiweke kwenye sanduku la kupakiwa, kwa sababu mashine za kukagulia mizigo huiunguza. Ibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha, uwaombe pale uwanjani waikague kwa mkono, na wakikataa usiondoke, waombe tena.

Dada yako,
Tanga