Foili ya Dar haitoshi kwa baridi ya Njombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wanaojenga huku Njombe na Makete, maana baridi ya Juni na Julai mnaijua, na siku hizi ukienda kununua bati unauziwa na roli la foili ya kung'aa, unaambiwa tandika hii baridi kwisha. Jamani, kile kitu kazi yake kubwa ni jua. Dar bati linachemka linamwaga joto chini, foili inalirudisha juu, hapo sawa kabisa. Huku shida imegeuka, joto liko ndani na hewa ya moto inapanda yenyewe mpaka kwenye silingi bodi halafu inaishia kwenye bati, sasa hewa inayopanda foili haiiwezi sana. Inasaidia kidogo, na ukiibana isibaki na uwazi wa kama sentimita 2 hata upande mmoja basi umepamba tu.

Baridi inataka unene, yani kitu kilichoshika hewa isitembee. Chukua pamba ya kioo, yani ile ya nyuzi laini za kioo, yenye unene wa milimita 100. Kupata kinga hiyo hiyo kwa foamu nyeupe ile inayokuja na tivii unahitaji kama 90, maranda ya kwenye mashine za mbao kama 180 hivi. Na jipsamu ya milimita 9 ambayo wengi tunaamini ndio imemaliza kazi? Uipange karibu mara 50! Maranda huku ni ya kumwaga tu ila yanashika moto na panya wanayapenda, mimi nisingeyaweka juu ya waya za umeme zilizolazwa hovyo. Foamu nayo inawaka, moshi wake mbaya, tena ikilala kwenye waya inakausha plastiki ya waya ikakatika.

Kura yangu ni pamba ya kioo, ilazwe juu ya silingi bila kugandamizwa, fundi avae glavu na barakoa inawasha hiyo, na isilowe maana asubuhi bati linatoa jasho na pamba iliyolowa haina kazi. Hapo ndo foili ipate kibarua, ikae juu ipokee matone, hewa ipite kati yake na pamba. Matundu ya taa na mfuniko wa kupandia darini zibeni kwanza.

Na wenye maduka, mteja akiuliza unene mwambieni, sio "hii ni ya Ulaya".

Msomaji wako,
Njombe