Jumamosi tunaanza kudaka

Habari za jioni wazazi na walezi. Jumamosi saa 1:30 asubuhi watoto wanaanza kudaka, ila mpira wenyewe wa besiboli utabaki kwenye begi. Ni mgumu, una gramu 142 hadi 149. Ukimpata mtoto puani siku ya kwanza, atafumba macho kila mpira unapokuja, na kumtoa woga huo si kazi ya siku mbili. Tutatumia mipira ya tenisi, mikono mitupu.

Nyumbani mkumbusheni jambo moja tu: mpira ukija juu ya kiuno, vidole vielekee juu, ukija chini ya kiuno, vielekee chini. Wengi wanakinga viganja kama wanapokea chenji, mpira wa kifuani unateleza hadi usoni. Warushieni polepole, mkono ukitokea chini, hatua 3 au 4.

Glavu, tutakapofika kuzitumia, huvaliwa mkono usiorusha. Wale wawili wa mashoto, zao nimeshazipata, msinunue. Maji na kofia tafadhali. Atakayechelewa aandike humu humu. Nikiwa uwanjani sipokei simu.