Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Walimu wa Lugha za Kigeni, Mwanza

Ndugu wajumbe, walimu wenzangu,

Semina ya Januari ilifanyika. Ziara ya Ukerewe ilifanyika, ingawa mvua ilituchelewesha kivukoni. Vitabu vya Kifaransa viligawiwa. Haya mnayajua.

Nije kwenye shindano la wanafunzi la kuzungumza Kiingereza, maana maneno yamekuwa mengi, na wasemaji wakubwa hawakuwepo ukumbini. Ni kweli, niliamua mimi kwamba mwaka huu mwanafunzi asije na hotuba ya kukariri: avute karatasi ya mada, ajipange dakika mbili, aongee. Ni kweli pia sikusubiri kamati. Kikao cha Machi niliitisha, wakaja wanne, mmoja wao mwenye ukumbi akidai pesa yake.

Matokeo mliyaona. Watoto wa inglishi midiamu, wenye sare za kupendeza, walisimama wakitazama dari. Kijana wa shule ya kata, ambaye jioni humsaidia mama yake kuuza dagaa Kirumba, aliongea Kiingereza cha kuokoteza, lakini watu walicheka pale alipotaka wacheke. Naambiwa nimewadhalilisha wakuu wa shule. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunapenda kusema wanafunzi wa zamani walikimwaga Kiingereza. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini waliofika sekondari enzi zile walikuwa wachache, tena waliochujwa. Mwaka 1967 Kiswahili kilishika nafasi ya kufundishia shule za msingi, Kiingereza kikabaki somo, huku sekondari ikiendelea na Kiingereza kilekile. Kufikia 1984, watafiti Criper na Dodd walipochunguza ufundishaji wa Kiingereza nchini, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Simu za kulaumiwa hazikuwepo. Na mpaka leo mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika. Mdomo haupimwi, basi nani atafundisha mdomo? Tumebaki kumwambia monita aandike majina ya wanaoongea Kiswahili, halafu tunashangaa darasa zima limekaa kimya. Wakati huohuo nimemsikia binti wa Igoma akisalimia kwa Kikorea alichokipata kwenye tamthilia, hakuna aliyemwandika jina.

Ada. Wanachama 52, waliolipa 17, kila mmoja shilingi 20,000, jumla 340,000. Matumizi 410,000. Pengo nililiziba mwenyewe. Sipendi kulisema hilo, ila katibu aliandike kwenye muhtasari. Kwenye kundi la wasapu tupo wote, na pole na hongera hazikosekani. Ikitajwa ada, kimya.

Mwakani, Mungu akipenda, tutafute chumba cha kudumu, na Kichina nacho tukiangalie, wafadhili wakipatikana.

Shindano litaendelea kwa utaratibu uleule. Karatasi za mada ninazo mimi.