"Watu wasiojulikana" wa South Carolina na wa kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie maneno ambayo gazeti lako, sawa na magazeti mengine ya nchi hii, huyatumia karibu kila linaporipoti mauaji ya huku kwetu: "watu wasiojulikana" na ndugu yake, "wananchi wenye hasira kali". Nilikuwa karani wa mahakama katika mkoa huu wa Tabora kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maneno hayo nimeyaandika kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sikuwahi kujiuliza yanafanya kazi gani mpaka nilipoanza kusoma habari za uchunguzi wa vifo katika wilaya za vijijini za South Carolina, kusini mwa Marekani, katika karne ya kumi na tisa.

Kule, kwa desturi iliyotoka Uingereza na ambayo mwanzo wake ni mwaka 1194, kila wilaya ilikuwa na ofisa aliyeitwa korona (vijana wasimchanganye na ule ugonjwa). Hakulazimika kuwa daktari. Aliweza kuwa mkulima au mwenye duka, na alilipwa ada kwa kila maiti aliyoichunguza. Mtu akiokotwa mtoni, au akianguka ghafla shambani, korona aliwakusanya wanaume wa jirani wawe jopo la uchunguzi, akawaapisha, nao wakaizunguka maiti, kwa sababu sheria iliwataka waione kwa macho yao wenyewe. Waliwasikiliza mashahidi, wakati mwingine daktari aliitwa, kisha wote wakatia sahihi au alama chini ya kauli moja iliyosema nani amekufa, lini, wapi, kwa chombo gani na kwa mkono wa nani. Aliyeua aliandikwa kuwa hakuwa na hofu ya Mungu mbele ya macho yake, bali alichochewa na shetani. Aliyekufa bila jeraha wala sababu ya kuonekana aliandikwa kwamba Mungu amemjia, jambo ambalo sisi huku tungelisema kwa maneno mafupi zaidi: kazi ya Mungu.

Karatasi hizo zinaonyesha maisha ambayo hayakuandikwa popote pengine. Wamo watoto walioungua kwa sababu nguo zao za pamba zilishika moto mbele ya meko yaliyo wazi, wamo walevi waliokutwa wamekufa barabarani, wamo vichanga waliosemekana kulaliwa na mama zao usiku. Mama wengi kati ya hao walikuwa watumwa, waliolaumiwa kwa uzembe, na baadhi ya wanahistoria wa siku hizi wanaona kwamba vingi vya vifo hivyo vilikuwa vile vya ghafla vinavyowapata watoto wachanga usingizini, katika miili iliyodhoofishwa na kazi ngumu ya mama mjamzito shambani.

Wilaya iliyojulikana zaidi kwa kumwaga damu ilikuwa Edgefield. Huko ndiko alikotoka mbunge Preston Brooks, ambaye tarehe 22 Mei 1856 aliingia katika ukumbi wa Seneti mjini Washington na kumpiga seneta Charles Sumner kwa bakora mpaka akazimia, kwa sababu alikuwa ametoa hotuba ya kuupinga utumwa. Watu wa kwao walimpongeza, na wengine wakampelekea bakora mpya. Kufikia mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa Edgefield walikuwa watumwa wanaolima pamba. Vifo vyao pia vilichunguzwa, jambo lililonishangaza mwanzoni, mpaka nilipokumbuka kwamba mtumwa alikuwa mali yenye bei, na mali ikiharibika mwenyewe hutaka kujua.

Sasa tazama sheria ilivyokuwa. Kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1740, mzungu aliyemuua mtumwa kwa kukusudia alitozwa faini ya pauni 700 za fedha ya jimbo, na aliyemuua kwa hasira ya ghafla au kwa adhabu iliyopita kiasi alitozwa pauni 350. Ilipofika mwaka 1821 ndipo kumuua mtumwa kwa kukusudia kulipofanywa kosa la kunyongwa. Hata hivyo mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na sheria ile ya 1740 ilimruhusu bwana, ikiwa hapakuwa na mzungu mwingine aliyeshuhudia, kujitakasa kwa kiapo chake mwenyewe. Basi uchunguzi uliweza kufanywa kwa utaratibu wote, maiti ikageuzwa na makovu yake yakahesabiwa, na mambo yakaishia hapo, kwa kuwa waliouona mkono ulioshika mjeledi hawakuwa na haki ya kusema.

Nikiri pia kwamba nilipokuwa nikiyasoma hayo niliwaza njia ya misafara ya watumwa iliyopita hapa kwetu miaka hiyo hiyo, kutoka Ujiji kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo. Waliokufa katika njia ile hawakupata hata karani mmoja.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) na ukombozi wa watumwa, hali ilibadilika kwa muda mfupi. Mwezi Julai 1876, katika mji mdogo wa Hamburg, kwenye eneo lililokuwa limemegwa kutoka Edgefield miaka mitano tu kabla, kundi la wazungu wenye silaha liliwashambulia askari weusi wa mgambo wa jimbo na kuwaua watu weusi wasiopungua sita, baadhi yao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Aliyesimamia uchunguzi alikuwa Prince Rivers, hakimu mweusi aliyezaliwa mtumwa na kuwa sajini katika jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini, wakati wa vita. Jopo lake liliandika majina ya makumi ya wazungu. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Mmoja wa walioshiriki, Benjamin Tillman wa Edgefield, alijisifu hadharani kwa siku ile, akachaguliwa gavana mwaka 1890, kisha akaingia Seneti na kukaa humo mpaka kifo chake mwaka 1918. Kuandikwa majina, basi, hakukumfunga mtu. Lakini kwa karatasi za namna hiyo tunaweza leo kumtaja Tillman na kumweka pale alipokuwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hata majina yalikoma kuandikwa. Taasisi ya Tuskegee, chuo cha watu weusi huko Alabama, ilihesabu watu 4,743 waliouawa na makundi ya watu nchini Marekani kati ya mwaka 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa weusi. Wengi waliuawa mbele ya umati, mchana kweupe pengine, na picha zikapigwa na kuuzwa kama kadi za posta zikiwa na nyuso za wauaji. Bado korona na jopo lake, ambao huenda walikuwa wamesimama katika umati ule ule, waliandika mara kwa mara kwamba marehemu amekufa kwa mikono ya watu wasiojulikana.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilikumbuka jalada moja lililopita mezani kwangu, la bibi aliyekatwa mapanga usiku nyumbani kwake kwa kudhaniwa mchawi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya bibi yeyote aliyepikia kuni tangu utotoni. Jalada lilisema "watu wasiojulikana". Kwenye baraza ya mahakama, hata hivyo, ndugu zake walikuwa wakitaja majina kwa sauti ya chini, pamoja na bei iliyolipwa na shamba lililokuwa likigombewa. Niliyasikia yote. Kazi yangu ilikuwa kunakili kilichokuwa kwenye karatasi, na nilinakili. Miaka michache baadaye mchwa walilila rafu ile ya masjala.

Hatukosi sheria. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ya mwaka 1980, ambayo inampa hakimu kazi ya korona katika vifo vya kikatili na vyenye utata. Tunachokosa ni mtu wa kuuliza kama ilitumika. Najua polisi wana mzigo, najua pia kwamba kijijini shahidi anayetaja jina leo atalala jirani na aliyemtaja, na sidharau hofu hiyo. Lakini jambo linalojulikana na kijiji kizima halistahili kuitwa lisilojulikana katika gazeti kwa sababu tu hakuna aliyepanda basi kwenda kuuliza.

Mwaka 1880 mwandishi wa habari wa Marekani, Horace V. Redfield, alitumia taarifa za magazeti ya kawaida kuhesabu mauaji ya majimbo ya kusini na kuyalinganisha na ya kaskazini, akaonyesha kwamba kusini watu waliuana mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, si geni katika kazi yenu. Kila mnapochapisha mauaji ya "watu wasiojulikana" kutoka Urambo, Sikonge, Nzega au popote, mwandishi wenu aandike tarehe katika daftari, na baada ya miezi mitatu arudi kuuliza kama uchunguzi wa kifo ulifunguliwa, hakimu gani anaushughulikia, na ulisema nini. Jibu lichapishwe hata kama ni mstari mmoja, na hata kama mstari huo unasema kwamba uchunguzi haukufanyika.

Mwandishi wa Tabora akihitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kuomba jalada masjala, na saa ambayo karani huwa hana haraka ya kumfukuza, mimi nipo na nafasi ninayo.

Karani mstaafu wa mahakama,
Isevya, Tabora