Deni la Debe la Zabibu

Chang'ombe, Dodoma
27 Desemba 2024

Mtani wangu Baba Neema,

Salamu kutoka Dodoma. Hapa hatujambo. Mama Tumaini anakusalimu, na anauliza kama Mama Neema ameshazoea upepo wa ziwani. Mvua imeanza, vumbi limelala, na nusu ya kijiwe kimehamia mashambani kupanda. Pale kwenye kahawa tumebaki sisi tusio na shamba na wale wenye shamba wanaoogopa jembe.

Najua unajua kwa nini nimeandika. Masharti uliyatoa wewe, ndani ya treni: atakayeshindwa ataandika barua kwa mkono wake, kwa kalamu, si kwa simu, akiri ameshindwa, halafu atoe debe la zabibu. Nikacheka, nikakupa mkono. Basi mwite Mama Neema awe shahidi, msome pamoja: Mimi, Mwananchi wa Yanga tangu tumboni, nakiri kwamba ulisema kocha wetu Gamondi hafiki Krismasi Jangwani, na hakufika. Hata Novemba hakuimaliza. Tarehe 15 wakamuaga.

Cheka umalize, halafu endelea kusoma. Kuna jambo ambalo masharti hayakunidai niliseme, lakini limenikaa kooni mwezi mzima.

Unaikumbuka ile Jumapili? Tunarudi kutoka Dar, mara yetu ya kwanza kwenda dabi ya Yanga na Simba kwa SGR, tumestarehe kama wabunge. Mimi nimevaa jezi ileile ya jana yake, haijafuliwa, kwa makusudi kabisa. Wewe ya kwako umeifukia chini ya begi kama mtu aliyebeba nyama ya magendo. Kilichokuuma si kufungwa, ni kufungwa na Kijili, beki wenu wenyewe wa Simba, tena dakika za lala salama. Mpaka Morogoro hukutia neno. Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, dirisha limekuwa jeusi, ndipo nikakusikia: "Chekeni tu. Huyo Gamondi wenu hafiki Krismasi."

Nikadhani ni machungu. Mtu amefungwa na mtani wake mara nne mfululizo, kuanzia zile tano kwa moja mpaka hii ya Kijili, asiposema hivyo atasema nini? Nami nikakumwagia wasifu wa mzee yule mpaka abiria wa mbele akageuka. Ubingwa na Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kwa msimu mmoja. Kutufikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako hatukukanyaga tangu 1998. Robo fainali na Mamelodi, dakika 180 bila bao, mpaka penalti, na lile bao la Aziz Ki kule Pretoria ambalo mpaka leo nikilala nikiamka naliona limevuka mstari. (Usinijibu kuhusu hilo. Ulishajibu mara kumi.) Nikakuuliza, kocha wa namna hiyo anafukuzwa kwa lipi? Ukajibu neno moja tu: "Subiri."

Sikusubiri hata mwezi.

Nikiwa mkweli, na leo nimelazimishwa kuwa mkweli, dalili zilikuwepo. Tulishinda mechi 8 za kwanza za ligi, pointi 24, bila wavu wetu kuguswa, na hesabu hiyo ndiyo iliyotupofusha. Angalia tatu kati ya zile za mwisho: nyie 1-0, Coastal 1-0, Singida 1-0. Hazikuwa 1-0 za timu inayojua kulinda bao. Tulikuwa tunapata bao kisha tunatazama saa. Aziz Ki aliyemaliza msimu uliopita na mabao 21 alikuwa anaupokea mpira kama mtu anayepokea simu ya anayemdai. Wapinzani wameshatusoma: ukiziba pale kati, Yanga inapiga pasi za pembeni mpaka inachoka yenyewe. Mimi hayo niliyaona. Pale kijiweni nikawa nasema, "Pointi tatu ni pointi tatu." Mshabiki akianza kusema hivyo, Baba Neema, ujue ameshaanza kuogopa.

Azam wakaja Novemba 2. Bacca akapewa nyekundu mapema, Sillah akafunga, ikaisha hivyohivyo. Hiyo niliimeza, maana ukicheza pungufu karibu mechi nzima na Azam, hata malaika angefungwa. Shida ilikuwa Alhamisi iliyofuata, Tabora United.

Siku ile nilikwenda kibanda umiza cha kule nyuma ya soko la Majengo, kile unachosema kina joto kuliko tanuri la matofali. Kiingilio jero. Tumebanana kwenye mabenchi, wa kwetu mbele, Makolo wenzako nyuma wakisubiri kama fisi. Bao la kwanza la Tabora, watu wakanyamaza. La pili, mtu akatukana beki. La tatu likaingia, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Kuna mtu alisimama juu ya benchi, akavua kofia, akapiga kelele: "Aondoke! Gamondi aondoke leo leo, asilale Dar!" Kibanda kizima kikadakia. Wakaimba mpaka mwenye kibanda akapunguza sauti ya televisheni asikie vizuri.

Mtu yule alikuwa mimi.

Ndiyo. Mimi niliyekupa mkono kwenye handaki, niliyeweka debe zima la zabibu kwamba atabaki, ndiye niliyeanzisha wimbo wa kumfukuza. Sikukumbuka dau hata chembe. Nilikumbuka niko njiani, karibu na Nyerere Square, naongea peke yangu. Bodaboda aliyenibeba akaniuliza, "Mzee, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo, mara mbili ndani ya wiki moja.

Unajua jana yake nilikuwa nimesema nini? Palepale kijiweni kuna yule babu wa drafti, anayevaa koti hata Oktoba. Baada ya Azam vijana wakaanza maneno, babu akawauliza: Oktoba 2022, kocha Nabi alipotolewa na Al Hilal ya Sudan, nani hapa hakutaka afukuzwe? Kimya. Na alipofungwa na Ihefu 2-1, baada ya mechi 49 za ligi bila kupoteza, nani hakusema mzee amekwisha? Kimya. "Mkaachwa mkalia," babu akasema, "Juni mkawa fainali ya Afrika." Mimi nilimpigia makofi babu huyo. Nikamnunulia kahawa na kashata mbili. Kesho yake usiku niko juu ya benchi nimevua kofia.

Ndiyo maana sitaki kusikia tena mtu akisema viongozi wana haraka. Viongozi wanasikiliza. Wanaketi ofisini, wanatusikia kwenye redio asubuhi, wanatusoma mchana, na usiku wanatuona kwenye video za simu tukiwa juu ya mabenchi. Mchezaji huwezi kumfukuza, ana mkataba na ana jezi dukani. Kiongozi hajifukuzi. Mshabiki hafukuziki, mimi hapa ndiyo kwanza nimenunua jezi ya mtoto. Anabaki mtu mmoja tu pale pembeni mwa uwanja ambaye barua ya aya mbili inamtosha.

Na wewe usijifanye mtakatifu. Novemba 5, 2023, zile tano, kocha wenu Robertinho alikuwa hajafungwa kwenye ligi msimu ule. Hajafungwa! Siku mbili baadaye hana kazi, na wewe usiku wa mechi ulinitumia sauti ya dakika nne ukisema aende kwao Brazili akauze nazi. Bado ninayo. Akaja Benchikha, mkamwita profesa, naye akaondoka msimu haujaisha, mkamaliza wa tatu nyuma ya Azam. Mwezi wa tano ulikuwa umekaa barazani kwangu unasema, "Robertinho hakuwa mbaya." Nilikucheka sana siku ile. Nakuomba radhi, maana juzi nami nimejikuta nimekaa palepale, kwenye kiti kilekile.

Juzi yenyewe ni Krismasi. Yanga wamekuja Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji, na hili lazima nikusimulie kwa sababu ungekuwepo ungenizomea. Watu walitoka kanisani na nguo mpya moja kwa moja mpaka uwanjani. Njano na kijani tupu. Ungedhani Jangwani imehamishiwa huku pamoja na wizara. Timu ya mji ina jina la mji, mwenye nayo ni halmashauri yetu wenyewe, inaitwa Walima Zabibu, na iko nyumbani kwake kama mgeni aliyekosea mlango. Karibu na mimi alikaa mzee mmoja mwenye skafu ya Jiji, peke yake katika safu nzima. Kila tulipofunga, alinigeukia na kunipa mkono wa heri. Mara nne. Mara ya nne sikuweza kumtazama usoni.

Mapumziko nikamuuliza, mzee, nyie mnasemaje kuhusu kocha? Akaniambia, "Mecky? Mecky ni kocha mzuri." Nikamwambia lakini mnafungwa. Akanitazama kama mtoto. "Sasa tunafungwa na nani? Na Yanga. Tukimfukuza, tutakuwa tumeshinda?" Halafu akarudi kula karanga zake. Nimewaza tangu juzi nimjibu nini, sijapata.

Basi, mechi ikaisha 4-0, tukaimba jina la Ramovic, kocha wetu mpya, mpaka Chinangali. Mpira ulikuwa mtamu, siwezi kuficha. Timu inakimbia mbele, hairudi nyuma kutafuta ruhusa. Mzize anacheza kama amefunguliwa kamba. Kwenye Mabingwa Afrika bado mambo magumu, Al Hilal walitupiga hapo kwa Mkapa na Waarabu wa Algiers wakaongeza, lakini ligi inarudi. Nyie mko juu, najua, na lile bao la Kibu dhidi ya Sfaxien dakika za nyongeza nimeliona, sina la kusema. Kocha wenu Fadlu ni mtu mtulivu. Ninachomwogopea ni siku atakayofungwa mbili mfululizo na wewe uko karibu na benchi.

Nisisahau, kuna hoja ya kisheria nilitaka kuileta ili nisilipe. Tumaini ana jogoo wake mwekundu, tangu zile tano anamwita Gamondi. Alikuwa amepangiwa Krismasi, maji yameshachemka, mtoto akamkumbatia akalia mpaka mama yake akaenda kununua kuku wa mtu. Kwa hiyo kuna Gamondi mmoja ambaye Krismasi ameivuka, na sasa hivi ninavyoandika yuko dirishani ananikodolea. Nikampelekea babu wa drafti hoja hiyo. Akasema lipa deni.

Sasa kuhusu malipo. Zabibu saa hizi hakuna, wewe mwenyewe ni mtu wa huku unajua, mavuno mpaka Februari na Machi. Siwezi kukununulia zile za kwenye jokofu zilizosafiri kuliko sisi. Kwa hiyo nimempa kondakta mfuko wa ubuyu, karanga kilo mbili, na mlenda mkavu ambao Mama Tumaini amemfungia Mama Neema. Uufuate stendi ya Nyegezi Jumapili jioni, umeandikwa jina lako kwa wino mwekundu, ili usiseme sikukuheshimu. Debe lenyewe litakuja Februari, nalo ni deni la mkono, halifi.

Ila kabla sijafunga bahasha. Nimeutazama vizuri mpira wa huyu Ramovic, mechi kwa mechi, safari hii kwa akili na si kwa moyo. Nakuwekea madebe mawili kwamba msimu huu anaumaliza yeye. Wewe weka Fadlu. Atakayeshindwa aandike barua kurasa mbili, na masharti mengine yaleyale.

Nijibu upesi, kabla sijabadili mawazo.

Mtani wako,
Baba Tumaini